Mbwa wangu kamng'ata mtoto wa jirani, nawajibika vipi kisheria? (Mtwara)

mkorosho_mmoja · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Habarini za usiku wakuu. Naombeni msaada hasa wanaojua sheria maana tangu jana sijalala.

Nakaa huku Naliendele, nina mikorosho michache nyuma ya nyumba na nafuga mbwa jike mmoja wa ulinzi, msimu huu mnajua wenyewe ukianika korosho ukalala bila ulinzi asubuhi hukuti kitu. Mbwa huyu kazaa, vitoto vina kama wiki tatu vimelala chini ya mkorosho karibu na jiko. Jana saa kumi na moja jioni mtoto wa jirani, wa kiume ana miaka 8, alikua anatoka madrasa anakatiza uani kwangu kama wanavyokatiza wote, nyumba haina uzio na kinjia kile kipo tangu sijajenga. Akakiona kitoto cha mbwa akainama kukibeba, yule mbwa mama akatokea nyuma ya jiko akamng'ata mtoto mguu juu kidogo ya kifundo. Mimi nilikua nafunga gunia nikasikia kelele, nafika nakuta meno mawili yameingia ndani na kanzu imechanika upindo, damu imeshuka mpaka kwenye kandambili na msahafu wake kaushika kifuani hataki kuuachia.

Tukamkimbiza kituo cha afya wakasafisha wakamchoma sindano ya pepopunda, ila ya kichaa cha mbwa wakasema imeisha tutafute kwingine. Mpaka naandika hapa hajachomwa.

Baba yake anataka nilipe milioni moja na nusu kabla ya ijumaa la sivyo polisi. Mjomba wake anataka mbwa auawe leo leo. Mke wangu anasema mtoto ndio kamfata mbwa nisilipe kitu nitakua nimekiri kosa. Mimi sikatai kumhudumia mtoto ni kama mwanangu, ila hela ya korosho bado haijaingia na nataka kujua sheria inasemaje. Nalipa nini na nini? Naweza kufungwa? Na mbwa nimfanyeje?

---

chikongola_boy · Jumatatu, saa 3:52 usiku

Pole mkuu. Mimi naona huna kosa, ni uani kwako na mtoto kashika watoto wa mbwa, mnyama yeyote aliyezaa anauma. Wasikutishe na polisi.

---

mama_mitwero · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Kaka yangu wa Naliendele acha kwanza hayo ya sheria. Mtoto hajachomwa sindano ya kichaa cha mbwa na umeshapita usiku mmoja?? Kesho alfajiri mtafute hiyo dawa, piga simu hospitali ya mkoa, piga hata huku Lindi, msikae mkisubiri kituo kiletewe.

Nawaambia kitu ambacho huwa sipendi kukisimulia. Mtoto wa kaka yangu aling'atwa na mbwa kijijini kwetu. Jeraha lilikua dogo kabisa, kwenye mkono, likapona lenyewe. Kaka yangu na mwenye mbwa wakawa wanavutana kwa mwenyekiti nani alipe sindano, kikao cha kwanza kikaahirishwa, cha pili mwenye mbwa hakuja, hivyo hivyo mpaka wiki ya tano mtoto akaanza kulalamika pale kovu lilipo panawasha na kama panapita sisimizi. Siku mbili mbele homa, halafu akawa akipewa kikombe cha uji anageuza shingo na koo linakaza, hata feni ikimpulizia usoni anashtuka. Tulimzika kabla ya ijumaa iliyofuata. Ugonjwa huu dalili zikishatokea hospitali haina cha kufanya tena, ila kabla ya hapo sindano zinazuia vizuri tu. Ndio maana nakuandikia kwa hasira kidogo nisamehe.

Na kidonda kama mlikiosha kwa maji tu, kioshwe tena hata sasa, maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kuangalia saa sio kwa kukisia. Msipake mafuta ya taa wala majani wala kukifunga kwa kubana.

---

mkorosho_mmoja · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Dada pole sana, nimesoma nimesimama. Nimeenda kwao sasa hivi kugonga mlango. Bibi yake alikua ameshamuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kwa sababu ya najisi ya mate ya mbwa, udongo ukaingia kwenye kidonda. Tumekiosha upya kwa sabuni nikiwa nimeshika simu kuhesabu dakika. Asubuhi saa 12 naondoka nae na baba yake.

---

ustadhi_wa_mikindani · Jumatatu, saa 4:48 usiku

Assalam alaykum. Kuhusu udongo naomba niseme kwa upole tusimlaumu bibi. Kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ni twahara ya chombo na nguo na mwili uliopatwa na mate ya mbwa, watu wetu wa pwani tumelelewa hivyo. Lakini kidonda kilicho wazi ni tiba kwanza, udongo usiguse nyama, kanzu ndio iende ikatwaharishwe baadae. Kulinda nafsi kunatangulia.

Na ndugu yetu asisemwe kwa kufuga mbwa, wa kulinda shamba na mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Kinachobaki ni haki ya jirani.

---

mifugo_nachingwea · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Nafanya kazi za mifugo, nijibu hilo la mbwa. USIMUUE, na waambie na wao wasimuue. Mfunge mnyororo sehemu asiyofikiwa na mtu wala mbwa mwingine, mpe maji na chakula, muangalie siku 10 kuanzia siku aliyong'ata. Mbwa anayeambukiza kichaa wakati anauma lazima ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo: kudondosha mate, sauti kubadilika, kung'ata vijiti na mnyororo, taya kulegea, kushindwa kumeza, au mpole ghafla anakua mkali na mkali anakua mpole. Siku 10 zikipita mzima, basi siku ile hakua na virusi kwenye mate. Ukimuua leo umezika jibu. Akifa mwenyewe usimzike wala kumshika kwa mikono mitupu, muite afisa mifugo wa kata maana kichwa kinatakiwa kupimwa maabara.

Ila mtoto HASUBIRI hizo siku 10. Anaanza sindano leo. Siku ya kuanza inahesabiwa sifuri, inafuata ya 3, ya 7 na zingine kama kadi yake itakavyoandikwa, kuna wanaokwenda mpaka 14 na 28. Mbwa akionekana mzima mwisho wa siku kumi daktari ndio ataamua kama zilizobaki ziendelee. Jeraha likiwa la ndani kama hilo waulizeni pia ile kinga inayochomwa palepale kwenye kidonda, haipo kila hospitali ila muulize.

Nina maswali mawili mkuu. Mbwa ana kadi ya chanjo? Na je miezi ya karibuni alipigana na mbweha? Huku kusini hili ni la muhimu, Lindi na Mtwara mbweha wamekutwa na kichaa kwa wingi kuliko watu wanavyodhani, watu wanawaza mbwa koko tu kumbe mbweha anaingia usiku kufata kuku anaumana na mbwa wa nyumbani.

---

mkorosho_mmoja · Jumanne, saa 7:30 mchana

Sindano ya kwanza imechomwa wakuu, saa nne na nusu asubuhi. Elfu thelathini nimelipa mimi na nauli ya watu watatu, nimetunza risiti. Mbwa nimemfunga.

Kadi ya chanjo anayo ila ni ya mwaka juzi, mwaka jana walipita kuchanja mimi nipo shamba Nanyamba sikurudi kumpeleka. Mbweha wanakuja, mwezi wa nane alipambana nae kwenye banda la kuku, hakutoka na kidonda nilichokiona.

---

msaidizi_masasi · Jumanne, saa 2:10 usiku

Hongera kwa kumuwahisha mtoto. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Masasi, kesi za mbwa tunazipata kila mwaka na nyingi zinaharibikia pale pale ulipo wewe sasa, kila mtu anasema chake. Nitaandika kirefu nivumilie.

Kuna njia mbili, watu wanazichanganya. Ya kwanza jinai. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 kinaongelea vitendo vya uzembe vinavyoweza kumdhuru mtu, na ndani yake kimetajwa kabisa kuacha kuchukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama uliye nae. Kwa hiyo chikongola_boy samahani ndugu yangu, kusema hana kosa kirahisi hivyo utampoteza mwenzio. Polisi wakifunguliwa jalada wanayo sheria ya kusimamia. Na mahakama ya jinai ikimtia mtu hatiani inaweza kumuamuru alipe fidia hapo hapo.

Njia ya pili ni madai. Hii haipo kwenye kitabu kimoja, ni kanuni za mahakama tulizozirithi kwa Waingereza na mahakama zetu zinazitumia. Kwa mnyama wa kufugwa swali kubwa ni moja: mwenye mnyama ALIJUA kwamba mnyama wake huyu ana tabia ya kudhuru? Kama alijua anabanwa moja kwa moja, hata aseme alikua makini vipi. Kama hakujua, anayedai lazima aonyeshe uzembe, yani kwamba mtu mwenye akili timamu angechukua tahadhari na wewe hukuchukua. Na kujua haina maana mbwa awe ameshang'ata mtu akatoka damu, hata kuwakimbiza watu na kuwarukia kunahesabika. Sasa mkuu nikuulize na ujibu kwa ukweli, huyu mbwa alishawahi kumfanyia mtu hivi?

Kuhusu uani kwako. Mtoto angekua kavunja dirisha ningekujibu tofauti. Lakini kinjia watu wanapita miaka yote na wewe unawaona na unawasalimia, hapo umewaruhusu kwa vitendo. Na mtoto wa miaka 8 kushika kitoto cha mbwa mahakama haitamhesabia kama mtu mzima aliyemchokoza mbwa, watoto wote wanafanya hivyo na wewe ulijua wanapita na ulijua mbwa kazaa. Mwambie shemeji, yani mkeo, kwa heshima kwamba hoja yake ingekua na nguvu kama aliyeng'atwa angekua kijana wa miaka 25 anampiga mbwa mawe.

Na yule anayeogopa kwamba kumhudumia mtoto ni kukiri kosa, sijawahi kuona mtu ameumizwa na risiti za kumtibu mtoto. Nimeona walioumizwa na kukosa risiti.

---

mkorosho_mmoja · Jumanne, saa 3:02 usiku

Nitasema ukweli. Mwezi wa Ramadhani alimrukia kijana wa bodaboda akamchania suruali, hakumgusa nyama. Nilimlipa suruali yake tukayamaliza. Nilisema nitamfunga mchana niwe namfungulia usiku tu, nikamfunga wiki mbili halafu nikaacha.

---

msaidizi_masasi · Jumanne, saa 3:25 usiku

Basi ulijua. Asante kwa kusema, wengi hapa wanadanganya mpaka wakili wao. Kisheria umeshabanwa, usipoteze nguvu kubishana kama unawajibika, nguvu zote ziende kwenye kiasi na utaratibu.

Milioni moja na nusu haijaandikwa popote, hakuna bei ya meno ya mbwa kwenye sheria. Hasara za fedha zinadaiwa kwa uthibitisho: matibabu, dozi zote, nauli, chakula cha njiani, siku ambazo baba yake kakosa kazi, kanzu. Maumivu na kovu ni kitu kingine, hayo hayana risiti, mahakama inakadiria yenyewe kwa kuangalia jeraha lilivyo na linavyopona. Kwa hiyo baba wa mtoto sio kwamba anakuibia kudai zaidi ya risiti, ana haki hiyo, ila kiasi kinazungumzika.

Fanyeni hivi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ichukuliwe polisi kama haijachukuliwa, inamlinda mtoto na inakulinda na wewe maana inaonyesha jeraha lilikua lipi, kesho mtu asije na jeraha jingine. Halafu kaeni kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, muandike karatasi: gharama zote za dozi mpaka ya mwisho ni zako, kiasi fulani cha maumivu utalipa kwa awamu tarehe fulani fulani, mashahidi wawili kila upande, kila mtu anabaki na nakala. Ile sentensi ya "mambo yameisha hatudaiani" ISIANDIKWE sasa. Iandikwe mtoto akishamaliza matibabu na kidonda kimefunga. Nimeona karatasi za namna hiyo zimesainiwa siku ya pili kwa elfu hamsini, wiki moja mbele mguu umeoza na mwenye mbwa anaipunga karatasi. Wewe usiwe huyo.

Kama mtashindwana, madai ya namna hii yana miaka mitatu toka tukio, na kwa mtoto mdogo hesabu haimkimbii mpaka afike utu uzima, kwa hiyo mtu asidhani akijificha msimu mmoja imepita. Baba wa mtoto kama hana uwezo wa wakili aende kwa wasaidizi wa kisheria, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 tunatambulika rasmi na huduma ni bure. Mwambie hata wewe ndio umemwambia.

---

shangani_mpangaji · Jumatano, saa 5:12 asubuhi

Naingilia kidogo. Mimi nimeandika kibao MBWA MKALI getini, kwa hiyo nimesalimika? Na akimng'ata mwizi je? Na mbwa kwanza ni wa mwenye nyumba mimi ni mpangaji ila namlisha mimi.

---

msaidizi_masasi · Jumatano, saa 7:40 mchana

Kibao kinasaidia kwa mtu aliyekisoma akaingia kwa makusudi bila kubisha hodi. Hakimsaidii asiyejua kusoma wala mtoto, na mbwa akitoka nje ya geti akamng'ata mpita njia, kibao chako mwenyewe kinakua ushahidi kwamba ulijua ni mkali. Watu wengi wanakiweka wakidhani ni kinga kumbe wameandika maelezo yao ya polisi ukutani.

Mwizi: kumfuga mbwa wa kulinda ndani ya uzio ni halali na mwizi akikutana nae usiku ni vigumu akudai. Kumkamata mtu akatulia halafu ukamfungulia mbwa amshughulikie, hapo wewe ndio umeshambulia, mbwa amekua kama rungu.

Mpangaji: wanaangalia nani anamtunza na kumuongoza. Mnaweza kubanwa wote wawili. Kaeni na mwenye nyumba mkubaliane nani anamchanja na nani anafunga geti.

---

ndugu_wa_tandahimba · Jumatano, saa 1:30 usiku

Mimi nina binamu yupo Marekani, California, kanambia kule mwenye mbwa analipa hata kama mbwa hajawahi kumgusa mtu maisha yake yote, ilimradi aliyeng'atwa alikua barabarani au sehemu aliyoruhusiwa kuwepo. Natamani na sisi tuwe na kifungu kama hicho. Huku mtoto kang'atwa halafu baba yake ndio aanze kutafuta shahidi kwamba mbwa alikua mkali, majirani wenyewe wanaogopa kusema maana wanaazimana jembe na mwenye mbwa. Kama sio huyu bwana kusema mwenyewe habari ya suruali nani angeisema?

---

msaidizi_masasi · Jumatano, saa 2:05 usiku

Hapo umegusa penyewe. Mashahidi ndio kinachotuua. Ndio maana kila tukio dogo nashauri liandikwe kwa mwenyekiti hata kama mmeelewana, mistari mitatu tu: tarehe, mbwa wa nani, kafanya nini. Baadhi ya halmashauri pia zina sheria ndogo za kuzuia mbwa kuzurura, ulizeni ofisi ya kata.

---

mama_mitwero · Jumatatu, saa 12:50 jioni

Kaka wa Naliendele kimya sana, mtoto anaendeleaje? Sindano ya siku ya 3 alichomwa?

---

mkorosho_mmoja · Jumanne, saa 2:15 usiku

Nipo dada. Ya siku ya 3 alichomwa ijumaa na ya siku ya 7 leo, zote nimempeleka mwenyewe. Kidonda kimoja kimefunga kingine bado kina maji kidogo lakini anatembea, leo kaenda madrasa kwa kuzunguka barabara kubwa.

Tulikaa kwa mwenyekiti siku ya jumapili. Nilisema mbele za watu habari ya suruali ya bodaboda, baba yake aliniangalia muda mrefu halafu akasema angeisikia kwa mtu mwingine asingenisamehe. Tumekubaliana matibabu yote ni yangu mpaka mwisho na laki nne za maumivu kwa awamu mbili malipo ya korosho yakitoka. Ile sentensi ya mambo yameisha mwenyekiti aliiandika kwa mazoea, nikamuomba aikate na baba wa mtoto akasaini pembeni. Kinjia nimekizungushia miti upande wa jiko, banda la mbwa fundi anaanza kesho. Mbwa leo ni siku ya tisa anakula na sauti ni ile ile.

---

mifugo_nachingwea · Jumanne, saa 2:40 usiku

Vizuri sana. Siku kumi zikipita mpigie afisa mifugo aje amuone na amchanje upya, na kampeni ikija mtaani msiache hata mbwa mmoja, tunatakiwa tufikie angalau 70 kwa 100 ya mbwa wote ndio virusi vikose pa kupita. Ule mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa mikoa yetu ya kusini ulioanza 2010 ulilenga hicho hicho.

Kitu kimoja sijakiona umekitaja. Vitoto vya mbwa unavyo vyote hapo nyumbani? Maana vimenyonya na kulambwa na mama yao siku zote hizi.

---

mkorosho_mmoja · Jumanne, saa 2:58 usiku

Vilikua vitano. Kimoja shemeji yangu alikichukua jumamosi ile kabla ya tukio, kipo Nanyamba na ana watoto wadogo ndani. Nampigia sasa hivi.